Benchi la Wasiomeza

Watu walimwita Mama Povu, na aliyeanzisha jina hilo hakuwa na nia mbaya. Alikuwa dobi, mikono yake ikishinda ndani ya sabuni, na mwanamke aliyeolewa hana budi kuitwa mama wa mtu au wa kitu. Wenzake waliitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Yeye, kwa kuwa mtoto alikuwa anachelewa, alipewa povu limshikie nafasi. Jina likanoga midomoni, mtoto hakutokea, na povu likabaki na nafasi yake. Mwenyewe alicheka walipomwita hivyo, maana dobi anayewanunia wateja huishia kufua nguo zake peke yake.

Alifulia mtoni, pale maji yanapoteremka kwa kasi juu ya mawe kabla ya kutulia chini ya daraja. Bomba la mtaa lilikuwepo, lakini lilikuwa la kupanga ndoo na kugombana, na mashuka ya nyumba ya wageni hayangoji zamu. Alijua nguo ya nani ni ipi kwa uzi alioushona ndani ya kola: mwekundu wa mwalimu mkuu, wa kijani wa karani, wa njano wa zahanati. Madoa aliyajua kwa tabia zao. La kutu alilitoa kwa ndimu na chumvi, la wino kwa maziwa, la damu kwa maji baridi na subira. Watu walisema doa likimshinda Mama Povu, basi hilo si doa, nguo ilifumwa hivyo.

Kwa bahati mbaya maji hayo ya kasi, yaliyosuuza kuliko bomba lolote, ndiyo pia yanayopendwa na usubi. Ni vijinzi vidogo vyeusi vyenye kibiongo mgongoni, na huuma mchana kweupe bila aibu. Vikishauma hubaki tone la damu kwenye mguu na mwasho wa siku kadhaa. Wafuaji walivipiga makofi na kuendelea na kazi. Wataalamu wa afya walishafika zamani kueleza kwamba vijinzi hivyo hueneza minyoo kutoka mtu hadi mtu. Kwamba mnyoo mkubwa hujikunja kwenye kinundu chini ya ngozi akazaa watoto wasio na idadi, na hao watoto hutambaa ndani ya ngozi mwaka nenda mwaka rudi, wakifika machoni wanayaua macho. Ndiyo maana ugonjwa huo uliitwa upofu wa mtoni. Dawa ilikuwepo, tena ya bure. Haikumuua mnyoo mkubwa, iliwaua watoto wake, kwa hiyo ilibidi imezwe kila mwaka, miaka mingi, mpaka yule mkubwa afe kwa uzee wake. Kazi ya mgonjwa ilikuwa kumeza tu.

Siku ya dawa watu walikusanyika kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Paliwekwa meza, ndoo ya maji, vikombe vya plastiki, na ufito mrefu wenye alama za rangi ukaegemezwa ukutani. Unasimama kando ya ufito, kimo chako kinasema umeze vidonge vingapi, unameza hapo hapo, unafungua mdomo uonekane, unakwenda zako. Pembeni, penye kivuli cha ukuta, palikuwa na benchi. Hapo walikaa wasiotakiwa kumeza: anayeumwa sana, aliyejifungua juzi, na mwenye mimba. Benchi hilo mtaa mzima ulilitazama kwa jicho la pembe. Habari za nani kashika mimba zilianzia pale, zikafika sokoni kabla vikombe havijaoshwa.

Mgawaji alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa sauti kubwa na roho nyeupe, aliyechaguliwa na wakazi mkutanoni kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amechoka. Kazi yake ilimtaka amwulize kila mwanamke swali moja kabla ya kumpa dawa. Naye aliliuliza, na kwa vile uwanja ulijaa kelele za watoto, aliliuliza kwa sauti ya kuuzia samaki.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yake, Mama Povu alisimama kando ya ufito akiwa bado bibi harusi.

"Wifi, una mimba?"

Siku zake zilikuwa zimechelewa. Hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe. Alijikuta akitabasamu bila kupenda.

"Nadhani."

"Aa, kwenye kudhani hakumezwi. Nenda benchi."

Alikwenda benchi, na ilikuwa haki yake kwenda. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari, alimeza vidonge vyake haraka haraka, akaja akamwekea mkono begani mbele ya watu wote. Mumewe, fundi baiskeli mwenye kibanda cha mabati kwenye kona ya soko, alizipata habari kabla hajamaliza kuziba pancha iliyokuwa mkononi mwake. Kesho yake adhuhuri alifunga kibanda akashuka mtoni, akambebea mashuka yaliyolowa hadi nyumbani, na mashuka mabichi si mzigo wa mzaha. Vijana wa sokoni walimcheka wakamwuliza tangu lini fundi amekuwa msaidizi wa dobi. "Nyinyi chekeni," aliwajibu. "Hamjui ninambebea nani."

Kabla wiki haijaisha, damu ilikuja. Ilimkuta mtoni, mashuka ya watu yakiwa mbele yake. Alifua alichokuwa nacho cha kufua, kisha akakaa juu ya jiwe mpaka miguu ikafa ganzi. Hakusema neno kwa mtu. Watu waliona wenyewe, miezi ilivyopita na tumbo likabaki pale pale, nao hawakusema neno kwake. Fundi aliendelea kushuka mtoni muda fulani, halafu siku moja hakushuka. Mama mkwe alimwambia, "Pole na kazi, mwanangu," kwa sauti ambayo haikuwa ya kazi.

Mwaka wa pili ndio uliomharibia. Alikwenda uwanjani akijua vizuri kabisa kwamba hana kitu, na alikuwa amekusudia kumeza. Lakini mama mkwe alikuwa watu wawili tu nyuma yake, na majirani wote walikuwapo, wamesimama na watoto viunoni. Wifi akauliza swali lake. Kwa wanawake wengine "hapana" lilikuwa neno la kuvukia, unalisema na kupokea kikombe. Kwake yeye lilikuwa tangazo. Kumeza vidonge vile mbele ya watu, kisha kufungua mdomo uonekane, ilikuwa sawa na kupanda juu ya meza ile na kusema: mwaka mzima umepita na hakuna kitu.

"Ndiyo," alisema.

Akaenda benchi. Fundi akashuka tena mtoni kubeba mashuka.

Tusimcheke. Uongo ni mgeni mwenye njaa, ukimlisha leo, mwaka kesho anarudi na sahani yake. Mwaka wa tatu angesemaje "hapana", wakati wa pili alikuwa amesema "ndiyo"? Na wa nne? Mtaa ulishaamua wenyewe kwamba mimba zake hazikai, na mwanamke ambaye mimba zinamtoka hahojiwi, anahurumiwa. Huruma hiyo ilimuuma, lakini iliuma kidogo kuliko lile neno lingine ambalo wangemwita. Mama mkwe alikufa akiwaombea wajukuu wake wote waliotangulia, masikini, ambao hawakuwahi kuwapo.

Mwasho ulianza taratibu. Kwanza miguuni, kisha mapajani na mgongoni, mwasho wa ndani kwa ndani ambao kucha haziufikii. Alijikuna kwa gunzi la muhindi, alijikuna kwa kona ya mlango. Ngozi ya nyongani ikawa ngumu na kukunjamana, ya miguuni ikapoteza rangi kwa madoadoa. Vinundu viwili vikamtoka kiunoni, havikuuma, akavizoea. Watu walisema ni sabuni, na yeye alikubali kwamba ni sabuni, maana ni dobi gani mwenye ngozi nzuri? Alibadili sabuni ya mche, akajaribu ya unga, akarudi kwenye ya mche. Moyoni alikuwa na wazo jingine, lakini wazo hilo lilimpeleka moja kwa moja kwenye benchi, kwa hiyo alilikata njiani.

Ikafika miaka ambayo wenzake wa rika lake walikuwa wanaozesha, na uongo wenyewe ukazeeka. Mwanamke wa umri ule akikaa kwenye benchi, watu wangecheka badala ya kumhurumia. Basi siku ya dawa akawa anaamkia mtoni na kurudi jua likizama. Wifi yake, pale mezani, alijiambia kwamba bila shaka amepewa zahanati, kwa sababu makoti ya zahanati si ndiye anayeyafua? Ni vizuri kuwa na wifi anayekudhania mema. Wakati mwingine ni afadhali uwe na mmbea.

Kisha macho. Jua lilianza kumchoma, hasa likipiga kwenye mashuka meupe kambani. Alisema ni moshi wa pasi ya mkaa. Pembe za macho zikafunga kama mlango unaosukumwa polepole, akawa anajigonga kwenye ndoo alizoziweka mwenyewe. Nyuzi za kola zikaanza kumpiga chenga. Uzi wa njano na wa kijani zikawa kitu kimoja, na wiki moja karani alipelekewa koti la zahanati. Mtaa ulicheka sana, na karani alilivaa hilo koti kidogo akawapima watu mapigo ya moyo. Mama Povu naye alicheka, akaenda nyumbani akashona mafundo badala ya rangi: fundo moja, mawili, matatu, ya kupapasa kwa kidole. Watu wakasema huyu mama ana akili. Alikuwa nayo, tena nyingi. Laiti angeitumia kwingine.

Aliyemaliza mchezo ni mwalimu mkuu. Alikuja mwenyewe uani, na shati lake jeupe limekunjwa vizuri, doa likiwa limefichwa kwa ndani ili wapangaji wengine wasilione.

"Mama Povu, samahani, nadhani hili lilichanganywa na yasiyofuliwa."

Alilikunjua, akamwongoza mkono hadi kwenye kifua cha shati. "Hapa. Na hapa."

Alitazama. Aliona weupe, na katikati ya weupe aliona ukungu, na ukungu huo ulikuwapo kila alipotazama.

"Nimeliona, mwalimu," alisema. "Niachie."

Alilisugua doa ambalo hakuliona, kwa ndimu, kwa chumvi, kwa maziwa, jioni nzima, mpaka kitambaa kikachanika. Fundi aliporudi alimkuta amekaa na shati lenye tundu magotini, anapapasa kingo za tundu lile. Hakuuliza kitu. Alikwenda kumwita dada yake.

Wifi ndiye aliyempeleka hospitali. Tabibu wa macho alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kuzungumza huku anaandika. Alimmulika macho muda mrefu, akamminya kinundu cha kiunoni, akamkata kipande kidogo cha ngozi kisichozidi punje, akakiloweka na kwenda kukitazama kwenye darubini. Aliporudi hakuandika tena.

"Mama, hii ni minyoo ya usubi, na wapo wengi. Dawa ya kila mwaka umekuwa ukimeza?"

Wifi alijibu kwa niaba ya Mama Povu, kwa ile sauti yake ya uwanjani.

"Mimi ndiye mgawaji, daktari. Miaka mingi hakupewa kwa sababu alikuwa mjamzito. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Sawa, ndivyo ilivyo. Akishajifungua mnampa baadaye." Tabibu alimgeukia mgonjwa. "Una watoto wangapi, mama?"

"Sina."

Wifi alikuwa anahesabu, na ukimya wake ulisikika kuliko sauti yake.

"Daktari," Mama Povu aliuliza, "nikimeza sasa, macho yatarudi?"

"Nitakupa sasa hivi, umeze hapa. Itakuwasha na kukuvimbisha siku chache, ni wale minyoo wanakufa, usiogope. Kilichobaki cha macho tutajaribu kukilinda. Kilichokwenda kimekwenda. Ni kovu, na kovu halifutiki." Akashusha pumzi, kisha akasema kwa wema, kama anavyowaambia wagonjwa wake wote: "Ndiyo maana tunasema, mama, mficha uchi hazai."

Hakujua anamwambia nani. Mama Povu aliitikia, "Kweli, daktari," akapokea kikombe cha maji.

Njiani wifi alimshika mkono. Walipofika darajani, sauti ya maji ikiwa chini yao, ndipo wifi alipopata maneno.

"Mbona hukuniambia pembeni? Ningekuletea nyumbani. Wagonjwa nawapelekea nyumbani, wazee nawapelekea nyumbani. Ningekuja jioni, ukameza, tukanywa chai, nani angejua?"

"Ungeniuliza pembeni, wifi, ningekuambia pembeni."

Wifi alisimama. "Nilidhani mimba zinakutoka. Niliogopa kukugusa penye kidonda."

"Najua."

"Ningekuletea," wifi alirudia, sasa analia waziwazi, katikati ya daraja, na watu wanapita. "Ni hatua chache tu kutoka kwangu. Ningekuletea."

Vidonge vilifanya kazi yake. Uso ulivimba, miguu ikavimba, mwasho ukawa moto. Kisha uvimbe ukashuka, na usiku mmoja alilala moja kwa moja, bila gunzi, bila kuamka kujikuna hata mara moja. Alikuwa amesahau kwamba watu hulala hivyo. Alipoamka alilia, si kwa furaha. Alilia kwa sababu usingizi ule ulikuwa mezani pa wifi yake kila mwaka, ndani ya kikombe cha plastiki, na yeye aliupita akaenda kukaa kivulini.

Siku hiyo ndiyo aliyomwambia mumewe. Fundi alikuwa uani ananawa grisi kwa mchanga na sabuni, kama ilivyo desturi yake, maana alikuwa na msemo kwamba ameoa dobi kwa ajili ya nguo, mikono ni shauri yake.

"Fundi, nina neno."

"Sema."

"Mimba zile zote. Hakukuwa na mimba."

Aliendelea kusugua mikono. "Hata ile ya kwanza?"

"Ile ya kwanza labda. Zilizofuata, hapana."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu hiyo ya pili. Mtu analala na mkewe kitanda kimoja, atakosaje kujua?"

"Na bado ulishuka mtoni kunibebea mashuka. Kila mwaka."

"Ningeacha, ungejua kwamba najua."

Maji yalimwagika kutoka kwenye beseni. Alimsikia akikung'uta mikono, kisha akaja kukaa karibu yake.

"Na dawa je?" aliuliza Mama Povu. Hakuuliza kwa ukali. "Hukuifikiria dawa?"

"Nilidhani dada anakuletea kimya kimya. Nilisema mmeshapanga wenyewe, mambo ya wanawake, mimi niyaingilie ya nini." Akamshika mkono. "Ningeuliza, Povu. Lilikuwa swali dogo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu watatu walimpenda, mume, wifi na mama mkwe, na wote watatu walimsitiri. Stara ni kitu chema, nyumba haikai bila stara. Lakini walimfunika vizuri mno, na chini ya shuka hilo jeupe minyoo iliendelea kula. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Yeye ambaye hakupata mtoto, mjukuu huyo alimpata, akamlea mpaka akamjua sauti.

Mwaka uliofuata, siku ya dawa ilipokaribia, wifi alikuja kumwambia asihangaike, atamletea nyumbani. Kwa wakati huo Mama Povu hakuona tena ila mwanga na giza, na kufulia mtoni ameacha. Alikuwa akipiga pasi tu, kwa kupapasa, na fundi akimtazamia mikunjo.

"Nitakuja uwanjani," alisema.

Fundi alimwongoza mpaka kwenye ufito. Aliusikia uwanja wote kama ulivyokuwa siku zote: watoto, vikombe, sauti ya wifi ikiwauliza waliotangulia. Alisimama wima apimwe. Alilingoja swali. Badala yake alisikia vidonge vikitikiswa kutoka kwenye kopo.

"Hujaniuliza, wifi."

"Nikuulize nini, na umri huu?"

"Niulize kama unavyowauliza wenzangu."

Wifi akauliza, na kwa mara ya kwanza aliuliza kwa kunong'ona.

"Sauti yako ya kila siku iko wapi?" Mama Povu alimwuliza.

"Una mimba?" wifi aliuliza kwa sauti.

"Sina. Na miaka yote ile niliyokaa kwenye benchi, sikuwa nayo."

Alipokea vidonge, akameza, akafungua mdomo uonekane. Alikuwa ametarajia kwamba mzigo utashuka, maana watu husema ukweli humpunguzia mtu mzigo. Haukushuka. Alichogundua ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa jepesi sana, maji kidogo, uchungu kidogo kwenye ulimi, basi. Lilikuwa jepesi hivyo hivyo tangu mwanzo. Hapo ndipo alipoumia hasa.

Fundi alitakiwa kumeza zake, kwa hiyo alimkalisha karibu. Kiti cha karibu kilikuwa benchi. Mtu fulani alisogea kumpisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mke wa seremala."

Alimkumbuka. Mashuka ya harusi yao aliyapiga pasi yeye. "Ooh, hongera, mwanangu," alisema kwa mazoea, kama anavyosema kila mtu kwa anayekaa pale.

Binti hakujibu. Mwenye mimba akipewa hongera hujibu upesi, au huona haya akacheka. Ukimya ule Mama Povu aliujua, maana alikuwa ameishi nao. Aligeuza uso upande wa binti, lakini hakuwa na la kusema ambalo majirani wasingelisikia. Mara benchi likainuka kidogo kwa kupungukiwa na mtu, na hatua zikaenda kwenye kokoto, zikapotea katika kelele. Zilikwenda mezani au zilikwenda getini? Mwenye macho asingehitaji kuuliza. Kuuliza kwa sauti angeweza, lakini kuuliza kwa sauti mbele ya watu ndiko kulikomfikisha hapo alipo. Akakaa na lile swali mpaka watu walipoisha na meza ikaanza kufungwa.

"Wifi," alimwita karibu. "Mke wa seremala amemeza?"

"Yeye si mjamzito? Alikaa na wewe benchi. Halafu nilimwona anatoka getini."

"Dawa imebaki?"

"Imebaki."

"Twende kwake. Na ufito uchukue."

Seremala alikuwa amekwenda kupeleka kitanda cha mteja. Chumba kilinukia mbao mbichi, na maranda yalilalama chini ya miguu yao. Wifi alifunga mlango, akavuta kigoda karibu kabisa na binti, akauliza lile swali lake kwa sauti ambayo hata dirisha halikuisikia.

Binti alilia. Alisema yuko kwenye siku zake, tangu juzi. Alisema mama mkwe alikuwa nyuma yake kwenye mstari, na mawifi wawili, na wote walikuwa wanamtazama tumbo tangu walipotoka nyumbani. Wifi hakumgombeza. Alimsimamisha kando ya ufito, ulioegemezwa kwenye fremu ya mlango, akampima, akamwekea vidonge kwenye kiganja, akamjazia kikombe.

Binti alivishika bila kuvipeleka mdomoni. Aliwatazama wageni wake, mmoja baada ya mwingine.

"Jamani mama zangu," alisema, "msije mkamwambia mtu kwamba mliniona nikimeza."

"Mimi kazi yangu ni kuona na kunyamaza," wifi alijibu. "Leo nimejifunza."

"Na wewe, mama?"

Mama Povu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika ufito.

"Nikuone kwa macho gani, mwanangu?"

Binti alitaka kucheka. Kisha akamtazama vizuri usoni, akainua kikombe akameza.